Bafle inakwaruza? Angalieni waya kwanza



Ulizo la juma hili: kikundi cha akina mama kina ampli moja na bafle mbili za kukodisha kwenye ndoa na matanga. Sasa sauti inakwaruza na kukatika. Muuzaji anasema wanunue waya "wa zahabu", lakini bei yake ingemaliza feza zote za sanduku. Wafanye nini?

Wasinunue. Kwanza tuelewe kazi ya kila chuma.

Umeme hupita katika waya kama maji katika mfereji. Feza hupitisha vizuri kuliko vyote, lakini inaishinda shaba nyekundu kwa 6 kwa mia tu. Tukiipa shaba alama 100, zahabu inapata karibu 70, aluminiyumu karibu 60, na chuma cha kawaida karibu 17. Kwa hiyo zahabu iko chini ya shaba! Sifa yake ni nyingine: haishiki kutu. Ndiyo maana wanaipaka kidogo juu ya ncha za kuchomeka. Waya wenyewe, hata wa bei kubwa, kwa kawaida ni shaba, ile ile inayochimbwa kule Kolwezi. Nanyi mnakumbuka Katanga iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997.

Tupige hesabu. Bafle ya omu 8 iko mita 10 kutoka kwenye ampli. Umeme unaenda na kurudi, basi waya ni mita 20. Waya mwembamba wa shaba, wa milimita mraba 0.5, unazuia kwa omu 0.7 hivi. Sehemu moja tu kati ya kumi na mbili ya nguvu inabaki njiani. Waya wa chuma wa unene ule ule unazuia karibu omu 4: sehemu moja kati ya tatu inapotea, na mnaongeza sauti bure hadi ampli inachemka.

Lakini mkwaruzo mara nyingi hauletwi na waya wenyewe. Unaletwa na maungio. Hapa Kisangani hewa ina unyevu mwaka mzima. Shaba inaota weusi au ukijani, aluminiyumu inajivika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Ncha ikilegea juu ya kutu, sauti inakatika.

Fanyeni hivi:

1. Zimeni ampli na kuichomoa kabla ya kugusa kitu.
2. Kateni ncha iliyochafuka, menyeni waya mpya, sokoteni nyuzi vizuri, kazeni. Ncha iliyopakwa zahabu ipanguseni kwa kitambaa kikavu. Msiikwangue kwa msasa.
3. Sokoni, chukueni sumaku ya bafle iliyokufa. Ikivuta waya, ndani mna chuma. Isipovuta, kwangueni kwa kisu: ukitokea weupe, ni aluminiyumu iliyopakwa shaba. Mkikubali kuinunua, mlipe bei ya aluminiyumu, na mchague iliyo nene zaidi.
4. Fupisheni njia: ampli ikae karibu na bafle.

Neno la mwisho ni zito kuliko muziki. Kwenye bafle, waya mbaya unaharibu sauti. Kwenye umeme wa nyumba au wa jenereta, unaweza kuchoma nyumba. Msifunge shaba na aluminiyumu pamoja kwa kusokota tu: unyevu unaila aluminiyumu, kiungo kinalegea, kinapata joto. Mkisikia harufu ya plastiki au mkigusa kichomeo kikiwa na joto, zimeni na kuita fundi. Na watoto wanaolala chini wasilazwe karibu na waya zilizoungwaungwa.

Feza za sanduku zibaki kwa karo na dawa. Mita chache za shaba nzuri na kisu kikali vitatosha.

Tuonane juma lijalo.