Gari linapogonga kwenye tuta, si barabara peke yake

Mtoto aliyekaa siti ya nyuma ndiye huwa wa kwanza kusikia. Baba yuko kwenye usukani, redio inaongea, mama anapiga hesabu ya sare na madaftari, gari linavuka tuta pale Uyole na chini kunatoka sauti: ko-ko. "Baba, gari linagonga." Jibu katika familia nyingi za Mbeya zenye gari la siku nyingi ni lilelile: "Si gari mwanangu, ni barabara."

Barabara ina lawama zake, hilo halipingwi. Lakini kinachogonga ni chuma kinachokutana na chuma, na mara nyingi vinakutana kwa sababu kipande cha mpira kilichokuwa katikati kimekwisha. Mafundi wanakiita bushi.

Mama aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anaijua kazi yake bila kufundishwa. Bushi ni ngata. Inakaa kati ya mzigo na kichwa ili ndoo isiumize na isiyumbe. Kwenye gari, ngata hiyo iko mahali armu ya tairi inapofungwa kwenye bodi. Kwenye Corolla ya miaka ya 1990, mfano wa magari yaliyojaa Mwanjelwa na Miyomboni, armu ya chini ya kila tairi la mbele ina bushi mbili: ya mbele na ya nyuma. Ndani yake kuna bomba dogo la chuma linalopita bolti, nje kuna chuma kingine, na mpira umegandishwa katikati. Tairi likipanda na kushuka, mpira unajinyonga kidogo na kurudi. Haugeuki kama beringi. Jambo hilo dogo lina maana kubwa baadaye, gari likifika gereji.

Mpira huzeeka. Unapasuka nyufa, unaachana na chuma, na oili inayovuja kutoka kwenye injini huulainisha mpaka ukawa kama uji. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza kila kitu, bushi iliyochoka hulia na kugonga zaidi, kisha jua likiwaka sauti inapungua. Baba anasema gari limejitibu. Halijajitibu.

Sasa tuseme Januari imefika, na mtoto anapelekwa shule ya bweni Iringa. Zaidi ya kilomita 300, godoro juu ya keria, sanduku la chuma kwenye buti, watu watano ndani. Kwenye mteremko wa Inyala lori liko mbele na baba anakanyaga breki. Breki zikishika, tairi linasukumwa kurudi nyuma, na kinacholizuia lisihame mahali pake ni bushi zile. Kama za upande mmoja zimekufa, tairi la upande huo linarudi kidogo, la pili linabaki, na gari linavuta pembeni. Dereva anashangaa kwa nini anapigana na usukani kwenye lami iliyonyooka. Kwa anayepita Iringa na kuendelea kushuka Kitonga, mapambano hayo ni marefu zaidi, kona moja baada ya nyingine.

Haki itendeke hapa, maana mafundi wengine hutisha wateja ili wauze. Bushi iliyokufa kwa kawaida haing'oi tairi. Kinacholaza tairi njiani ni boljointi, kiungo cha mwisho wa armu, nayo pia hugonga. Ndiyo maana kubahatisha kwa sikio hakutoshi. Gari linyanyuliwe na liwekwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake, fundi aingize mtaimbo mfupi kati ya armu na bodi na kusukuma taratibu. Bushi nzima inajongea kidogo na kurudi. Iliyokufa inaruka, na kwa tochi nyufa zinaonekana. Mzazi ana haki ya kuinama na kuonyeshwa kabla ya kutoa hela. Dalili nyingine haihitaji gereji: tairi la mbele lililolika upande mmoja. Tairi jipya ni ghali kuliko bushi, na wanaoahirisha bushi mara nyingi huishia kununua vyote viwili.

"Mzee, tuchonge ya tairi, itakutoa," fundi atasema akiona uso wa mteja umebadilika. Bushi ya kuchonga kutoka tairi kuukuu inatembea, na imefikisha wengi nyumbani siku ambazo spea haikuwepo. Lakini haijagandishwa na chuma, kwa hiyo inasugua na kulegea mapema. Kwa gari linalobeba watoto kila siku, hiyo ni ya dharura tu. Zile za plastiki ngumu zinadumu, ila hupeleka mtikisiko wote kwenye viti. Ya mpira, ya saizi sahihi, inatosha.

Bushi ya zamani itolewe na mpya iingizwe kwa presi, si kwa nyundo. Nyundo hupinda armu na kuchana mpira kabla gari halijatoka. Ikigoma kuingia, maji ya sabuni yanasaidia. Grisi na oili ni adui. Zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja.

Halafu lile jambo la kujinyonga. Fundi mwenye haraka hukaza bolti za mwisho gari likiwa bado juu, tairi zinaning'inia. Gari likishushwa, armu inapanda na mpira unabaki umenyongwa hata gari likiwa limesimama tu. Baada ya muda mfupi unachanika, na mteja anarudi akilalamika kwamba spea ni feki. Huenda haikuwa feki. Bolti hukazwa mwisho tairi zikiwa zimebeba uzito wa gari. Mzazi asiyejua kushika spana anaweza kusimama pale na kuuliza swali hilo moja: "Kaka, utakaza likiwa chini?" Fundi mzuri atatabasamu. Baada ya hapo ni alaimenti, ambayo wengi huiruka kwa sababu hela imekwisha, kisha matairi yanalika tena.

Wapo pia wazazi wasio na gari, ambao watoto wao huchukuliwa alfajiri na gari la kukodi, limejaa kupita viti vyake. Mzigo wa namna hiyo huua bushi haraka, na mzazi yupo kitandani wakati gari linagonga. Asubuhi moja aombe kupanda hadi shuleni. Akae nyuma, avuke nao matuta, asikilize dereva anapofunga breki, ashuke atazame matairi ya mbele yamelika vipi. Na kabla ya siku hiyo amuulize mtoto. Huenda mtoto anaijua sauti hiyo tangu muhula uliopita.