Haki ya Njia



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lisilokosa kutajwa barazani kila jioni, nalo ni maudhi ya barabarani. Mwulize mtu wa Lisekese, hapa mjini Masasi, siku yake imekwendaje, naye atakueleza habari za mwenye bodaboda aliyempita kwa upande wa kushoto pasipo ishara, na bajaji iliyosimama ghafula katikati ya njia kwa kuwa abiria ameinua mkono, na dereva wa basi ambaye honi yake haipumziki. Na msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, malalamiko huzidi, maana malori ya magunia huwa mengi katika njia za Masasi na Newala, na kila mtu ana haraka ya kwenda kutafuta fedha au kuzitumia.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani kilio cha watu wa kusini kilikuwa kingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, aliyetaka kwenda Dar es Salaam alingoja pantoni pale Ndundu, na wakati wa mvua aliweza kukaa njiani siku nyingi. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, likatuunganisha na ndugu zetu wa Msumbiji. Na barabara ya kwenda Tunduru hata Songea nayo ikatiwa lami. Basi tulilia kwa kukosa barabara, Mwenyezi Mungu akatupa. Na sasa twalia kwa sababu ya watu tunaokutana nao humo.

Lakini ni nani hao watu? Dereva wa lori amlaumu mwenye bodaboda. Mwenye bodaboda amlaumu dereva wa lori. Wote wawili wamlaumu mwenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu awalaumu wote. Katika baraza zote hizo husikii hata mmoja asemaye, "Na mimi je?"

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Abu Said al-Khudri (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza Masahaba kukaa mabarazani njiani. Walipomwambia kuwa hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwaamuru waipe njia haki yake, na alipoulizwa haki hiyo ni ipi, alitaja kuinamisha macho, na kuzuia maudhi, na kuitikia salamu, na kuamrishana mema na kukatazana maovu. Basi ikiwa yeye aliyekaa tu kando ya njia ana wajibu wa kuzuia maudhi yake, je, huyo apitaye juu ya chuma chenye moto na mwendo, wajibu wake si mkubwa zaidi?

Tena wako wadhanio kwamba msongamano wa njia ni msiba wa zama hizi za motokaa. Sivyo. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Waislamu walitoka Arafa kuelekea Muzdalifa kwa wingi mkubwa. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alisikia nyuma yake kelele kubwa na vishindo vya watu wakiwapiga ngamia wao ili wakimbie, naye akawaashiria kwa mjeledi wake, akawataka watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Tazama, ndugu yangu! Watu hao hawakuwa wakienda mnadani wala kuwahi basi. Walikuwa katika ibada tukufu, na hata hivyo haraka yao haikuwa udhuru wa kuwasonga wenzao.

Na Usama bin Zaid (R.A.), aliyepanda nyuma ya Mtume katika safari ile ile, ameeleza kwamba Mtume alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi mbele yake aliongeza mwendo. Kwa hiyo Uislamu haukukataza kwenda mbio mahali penye nafasi na usalama. Ulilokataza ni mbio za kumwudhi mwingine.

Na tuipime haraka hiyo kwa hesabu. Sheria ya nchi yetu yaweka mwendo wa mjini usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo chombo hukata karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Basi mtoto akitokea ghafula umbali wa mita 10, dereva hajawahi hata kukanyaga breki ila amekwisha mfikia. Sasa chukua safari ya kilomita 5. Aendaye kilomita 50 kwa saa atafika kwa dakika 6. Na yule akimbiaye kilomita 75 kwa saa atafika kwa dakika 4. Faida yake yote ni dakika 2, nazo atazimaliza kibarazani akisimulia jinsi alivyoyapita magari.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hata 29 hicho ndicho chanzo cha kwanza cha mauti. Yaani njia yachukua watoto wa chuo na vijana waliotarajiwa kuwazika wazee wao.

Hapa yatupasa tuseme neno zito kidogo, nalo lazihusu nyumba zetu. Sisi twamwona kijana akikimbiza pikipiki, twasema hana adabu. Lakini hatuulizi nani anayemkimbiza. Wengi wa vijana hao hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Kila siku wadaiwa na tajiri hesabu yake, iwe mvua iwe jua, abiria wapo au hawapo. Huenda tajiri huyo ni mtu mwema, mwenye tasbihi mkononi na safu ya mbele msikitini. Naye ndiye aliyeketi nyumbani akingoja fedha ambayo haiwezi kupatikana ila kwa kupakia mshikaki wa watu watatu na kupita pasipo njia. Kisha abiria naye, aliyechelewa kwa kulala, hupanda na kusema, "Ongeza mwendo, kijana!" Na mama aliyemwachia mtoto kuondoka nyumbani kengele ya shule ikilia, naye ana sehemu yake katika haraka ile. Hakika maudhi mengi tunayoyaona njiani yalikwisha pikwa majumbani mwetu.

Wako nao wajibuo kwa kusema kuwa ajali haina kinga. Neno hili likitumiwa kumfariji aliyefikwa na msiba ni jema. Likitumiwa kuhalalisha uzembe ni baya. Mtu mmoja alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Naye alimwamuru amfunge kwanza, kisha atawakali. Breki nzima, taa inayowaka na kofia ngumu kichwani ndiyo kamba ya ngamia wa leo.

Wala mtu asidhani kwamba akiua kwa bahati mbaya basi shauri limekwisha. Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu ameweka hukumu ya mwenye kumuua Muumini kwa makosa: kumwacha huru mtumwa na kutoa dia kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe, na asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Haya ni kwa yule ambaye hakukusudia! Roho ya mtu haikufanywa rahisi hata pale ilipotoka kwa makosa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye chombo na apange hesabu kwa huruma, na siku ya mvua kubwa amsamehe kijana wake. Huo ni upungufu mdogo wa fedha, na huenda ukawa ndio uzima wa watu wawili. Pili, wazazi wawaamshe watoto mapema, wawafundishe kuvuka njia kama wanavyowafundisha kutawadha. Tatu, abiria asimhimize dereva, bali amkataze akikosea, kwani huko ndiko kuamrishana mema. Nne, siku ya Ijumaa tusiifunge njia ya watu mbele ya msikiti kwa vyombo vyetu. Mgonjwa apelekwaye hospitali ya Mkomaindo hawezi kungoja mpaka tumalize kuzungumza baada ya sala.

Na wewe kijana, kumbuka kwamba Mtume amefundisha kuwa aliyepanda ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu. Leo aliyepanda humpigia honi mzee wa watu mpaka akatetemeka. Luqman alimuusia mwanawe awe na kiasi katika mwendo wake na ateremshe sauti yake, na Qurani ikatutajia sauti ya punda kuwa ndiyo ya kuchukiza mno. Jaribu wiki moja tu kumpisha mzee yule avuke, umpungie mkono wa salamu. Na mwingine akikuchomekea gari lake kwa ufidhuli, usimfukuze. Mwenye nguvu, kwa mafundisho ya Mtume, si awaangushaye watu mieleka, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa ghadhabu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde njia zetu za Masasi na Newala, na njia za Waislamu na wasio Waislamu popote walipo, awarudishe wasafiri salama kwa watu wao, na atujaalie tuwe katika wale wanaokwenda juu ya ardhi kwa upole. Amin.