Jiko Wakati wa Vita

Ndugu msomaji, vita havina macho. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakaingia Mpondwe na Bwera. Majeshi yetu yaliwarudisha nyuma, lakini waasi walijificha katika milima ya Rwenzori, na kwa miaka kadhaa wakulima wa Kasese hawakuwa na usingizi. Maelfu waliacha mikahawa na mihogo yao mlimani, wakateremka kulala penye ulinzi. Kulipokucha, wengi walipanda tena kutafuta chakula, na jioni wakarudi na mzigo kichwani.

Mji hauhitaji ukuta ili uitwe mji uliozingirwa. Njia ya shambani ikifungwa, jiko limezingirwa.

Katika hali hiyo adui wa pili ni haraka. Muhogo mchungu, unaotupa unga wa obundu, una sumu. Sharti umenywe, ulowekwe siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha uanikwe juani ukauke kabisa. Mama anayesikia watoto wakilia njaa hushawishika kupunguza siku hizo. Asifanye hivyo. Huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame wa mwaka 1981, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo usiotayarishwa vema. Basi muhogo ulowekwe na kukaushwa wakati wa amani, uwekwe mahali pakavu. Akiba haiozi.

Adui wa tatu ni maji machafu, maana watu wakisongamana kuhara huwafuata. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe. Mnyweshe kidogo kidogo, kisha umpeleke kwa mganga wa zahanati. Chumvi ya Katwe i karibu nasi. Asikose mtu kuweka kifurushi nyumbani.

Nawe ndugu askari, unao wajibu wako. Mama anayeteremka na mkungu mmoja wa ndizi amebeba chakula cha nyumba nzima. Ukihitaji ndizi zake, zinunue kwa bei ya soko. Mlinde njiani kama ungemlinda mama yako mzazi. Raia anayemwamini askari ndiye atakayempasha habari za adui mapema.

Maneno haya si ya kale. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubiriha ilishambuliwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Hata hivyo majiko ya Bwera hayakuzimika. Tuwapo na amani, tuyawekee kuni.