Waya wa Meno Hauwezi Kunyoosha Taya

Usafiri wa boda boda ulizaliwa hapa mpakani Busia miaka ya 1960, enzi za baiskeli. Leo ni pikipiki, na wengi wanaoanguka huangukia kidevu. Jeraha hushonwa, likapona, watu wakasahau. Kumbe kishindo hicho chaweza kuvunja taya juu kabisa, karibu na sikio, mahali pasipoonekana kwa macho.

Kwa mtu mzima, dalili moja ni meno ya juu na ya chini kutokutana kama zamani. Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi. Upande ulioumia waweza kudumaa huku wa pili ukiendelea kukua, na kidevu kikaelekea upande huo wa jeraha. Meno nayo hujilaza pole pole yakitafuta wenzao. Ndiyo maana huenda ukamkuta kijana pale Malaba uso umepinda, lakini anatafuna mahindi ya kuchoma bila taabu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wanaona meno yaliyolala, wanataka waya. Kwa maoni yangu, ikiwa taya limepinda sana, waya peke yake ni kupoteza pesa. Hebu uma kijiti kilichonyooka, kikatize kinywa kutoka shavu hadi shavu, kisha ujitazame kwenye kioo. Kisipokwenda sambamba na mstari wa macho, huenda taya la juu nalo limeinama.

Kazi hii ni ya madaktari wawili, wa kunyoosha meno na wa kupasua taya, nao wapange pamoja tangu mwanzo. Kwanza waya huyasimamisha meno wima juu ya mfupa wake, na hiyo yaweza kuchukua mwaka au zaidi. Jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi vya kutosha ni kwamba katika miezi hiyo kasoro huonekana zaidi, kwa kuwa meno yameacha kuificha. Wengine hukata tamaa wakaomba waya utolewe. Lakini bila hatua hiyo meno hugongana mapema, na mpasuaji hawezi kulifikisha taya mahali pake.

Upasuaji wenyewe kwa kawaida hungoja mwili uache kukua. Mzazi asingoje. Mtoto aliyeangukia kidevu apigwe picha ya eksirei Busia au Bungoma, na ikibidi apelekwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Halafu aangaliwe mwaka baada ya mwaka: je, kinywa kinafunguka vizuri, na kidevu bado kiko katikati?