Tusiwafunze Vijana Kuzima Ukaguzi

Barua iliyoletwa Lamu na jahazi kutoka Mombasa haikuaminiwa kwa kuwa imefika tu. Mpokeaji alitazama kwanza mwandiko na muhuri, ndipo akaisoma. Kompyuta nazo zina desturi iyo hiyo, nasi tumeanza kuwafunza vijana kuivunja.

Wanaojifunza kuandika programu huhifadhi kazi yao katika seva itunzayo kila toleo, ili kosa la leo lisifute jema la jana. Chombo mashuhuri cha kazi hiyo ni Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Tuseme mwalimu wa Wiyoni ameweka seva ya namna hiyo katika kompyuta kuukuu, itumike darasani hata intaneti inapokatika. Seva hujitambulisha kwa cheti cha usalama alichokitia saini mwenyewe. Kompyuta za wanafunzi hazimjui mtia saini, basi zakataa. Aghalabu hapo hutokea mjuaji akasema, "Zima ukaguzi." Kazi huendelea na wote hufurahi.

Lakini ukaguzi ukizimwa, yeyote aliyejipenyeza katika mtandao wa shule aweza kujifanya seva, akapokea nywila na kuchanganya programu zake na za wanafunzi. Tena kijana atayachukua mazoea hayo hadi benki au hospitali itakayomwajiri.

Jambo hili limepata uzito mpya. Aprili 2025, baraza la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, CA/Browser Forum, lilipiga kura kufupisha umri wa vyeti vya hadharani, uliokuwa siku 398: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na 47 tu kuanzia 15 Machi 2029. Vyeti vya bure vipo, ila kwa kawaida vyataka seva iwe na jina lililosajiliwa katika intaneti. Seva ya darasani aghalabu hainalo. Nachelea wengi watachoka, wazime ukaguzi kabisa.

Kanuni hiyo haigusi vyeti vya faragha. Shule na iwe na mamlaka yake ya kutia saini: ufunguo wa siri ufungiwe nje ya mtandao, cheti cha mamlaka kigawiwe kwa mkono, na alama yake ya utambulisho iandikwe ubaoni, wanafunzi wailinganishe herufi kwa herufi. Kisha Git iambiwe, kwa mpangilio uitwao http.sslCAInfo, ikiamini kwa anwani ya seva hiyo peke yake.

Nasema peke yake kwa makusudi. Cheti cha mamlaka kikiaminiwa na kompyuta nzima, mwenye ufunguo aweza kujidai tovuti yoyote duniani. Serikali ya Kazakhstan ilipowahimiza raia mwaka 2019 waweke cheti chake, Google, Mozilla na Apple zilikizuia. Mwalimu, hata awe mwema namna gani, hana haja ya uwezo huo juu ya kompyuta za watoto wa watu, na mzazi wa Wiyoni ana haki ya kumuuliza ufunguo ule unalala wapi.