Kikamba Si Aina ya Filamu

Kwa toleo hili tuliwaomba wasomaji wetu wa Kitui na Makueni jambo dogo: taja filamu uliyoitazama karibuni, sema ni ya aina gani, ipe alama kwa kumi, toa sababu. Alama zilikuja kwa urahisi. Mkenya aliyepitia 8-4-4 habembelezwi ili asahihishe kazi ya mwenzake, na kuna walioikataa hata hiyo kumi yetu wakatoa B+ na D- kana kwamba wanatangaza matokeo ya KCSE. Kazi ilikuwa kwenye aina. Mume na mke wa Mwingi waliotazama filamu moja, usiku mmoja, kwenye kochi moja, walituandikia barua mbili. Ya bwana inasema ni ya vita, ya bibi inasema ni ya mapenzi, na kila mmoja ameongeza kwamba mwenzake alilala katikati.

Tumezichapa zote mbili. Ugomvi wa namna hiyo hauna ubaya, na ndio uliotufanya tuandae toleo zima. Zilizotusumbua ni barua zilizokubaliana mno. Filamu yoyote iliyosikika ndani yake sentensi mbili tatu za Kikamba iliitwa "ya Kikamba", basi, kisha ikapewa sita au saba kwa sababu ya neno moja: "Wamejaribu."

Hilo ndilo ninalolipinga hapa. Kabla ya kuwalaumu wasomaji, tuangalie kwanza filamu zinatufikiaje. Wengi wetu huku hatuzioni kwenye jumba la sinema. Tunaziona kwenye basi la Mombasa Road (na aliyeshukia Emali huipa alama filamu ambayo mwisho wake uliendelea na safari hadi Mtito Andei), tunaziona kwenye video ya mtaani ambako mechi ya Uingereza ikianza filamu inakatwa, kwenye simu, na zaidi ya yote kwenye flashi iliyojazwa katika duka la muvi. Ingia duka kama hilo, Wote au Kibwezi, utazame kioo cha kompyuta. Kuna folda ya Kupigana, ya Kutisha, ya Kihindi, ya Kichina, ya Korea, Afrosinema, DJ Afro, Katuni, na moja iitwayo Mpya ambayo nusu yake ni filamu za zamani. Mwenye duka hana muda wa falsafa. Mteja anasema "niwekee tano za Kihindi", zinanakiliwa, pesa zinaingia kwa M-Pesa, anayefuata. Haki za waliozitengeneza filamu hizo ni habari ya toleo jingine, tena si habari njema.

Folda hizo zina akili yake. Anayeomba ya Kihindi haombi ramani ya India. Anaomba saa tatu za familia, kisasi, nyimbo, mama anayelia na mwana aliyepotea akarudi mtu mzima. Anayeomba Afrosinema, jina la kipindi cha Citizen TV cha filamu za Nigeria lililokuja kuwa jina la filamu zenyewe, anajua atapata jumba la kifahari, mama mkwe mkali na mganga. Aina ni ahadi anayopewa mtazamaji kabla hajaketi, na alama ni hukumu yake juu ya ahadi hiyo. Aliyeahidiwa kicheko akapewa msiba ataikata filamu alama hata kama ni msiba uliotengenezwa vizuri.

Tatizo ni kwamba nchi ikishageuzwa kuwa aina, inameza kila kitu. RRR ya mwaka 2022 ni ya Kitelugu, nayo imo humo humo katika Kihindi. Ong-Bak ya Tony Jaa imetoka Thailand na The Raid imetengenezwa Indonesia, lakini zote mbili zinakaa kwenye Kichina pamoja na Bruce Lee, kwa kuwa mtu anaruka na kupiga teke. Wa Bangkok na wa Jakarta hawasomi jarida letu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Yuko pia DJ Afro, anayezivuruga folda zote. Sauti yake ya Kiswahili na Sheng ikishapanda juu ya filamu, stelingi anakuwa kama jirani yako, adui anatukanwa kabla hajafanya lolote, na kisa kilichotungwa kiwe cha majonzi kinatazamwa na watu walioshika mbavu. Waganda wana VJ Jingo na Watanzania wanamjua Lufufu, kwa hiyo si maajabu ya Kenya pekee. Msomaji wetu wa Mutomo ameipa filamu moja tisa ikiwa na DJ Afro na nne ikiwa bila yeye. Wenzangu ofisini walimcheka. Mimi naona ametenda haki kabisa, maana ametazama filamu mbili tofauti.

Chukua pia The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, ile ya simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Huko ilikotengenezwa iliuzwa kama filamu ya ujasiri na hofu. Kwetu, msomaji wa Mtito Andei, ambaye mbuga iko karibu na shamba lake, ameiandika chini ya "historia" na kuisahihisha kama mwalimu wa historia. Simba wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni, wa kwenye filamu wanayo: amekata alama moja. Ilipigwa picha Afrika Kusini: amekata nyingine. Kuhusu idadi ya waliouawa ameandika aya nzima, kwa sababu Patterson, aliyewaua simba hao, alikuja kudai watu 135, na watafiti waliochunguza mabaki ya wanyama hao katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago walikadiria karibu 35. Sikubaliani naye. Filamu ya kutisha haina deni kwa ofisi ya takwimu. Lakini barua yake inasomeka, kwa sababu amesema ni ahadi gani aliyoidai.

Sasa njoo nyumbani. Tarehe 15 Julai 2022 Netflix ilianza kuonyesha Country Queen, mfululizo wa vipindi sita uliotengenezwa Kenya. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kutoka Nairobi kwenda kijiji cha Tsilanga alikozaliwa, na kukuta kampuni ya madini iitwayo Eco Rock inaitaka ardhi ya watu wake. Watu wanasema Kiswahili, Kiingereza, Sheng na Kikamba. Barua zetu karibu zote zimeiita ya Kikamba. Mmoja aliikata alama mbili kwa lafudhi, akidai hakuna mtu wa Kitui anayesema namna ile, malalamiko ambayo Mkamba yeyote atayaelewa na mtu mwingine yeyote atayaona ni wazimu. Waliobaki wamejaza saba zao na "wamejaribu" yao.

Kikamba cha Tsilanga ni sauti ya hadithi. Hadithi yenyewe ni ya ardhi na mgodi: nani ameuza, nani ametishwa, nani ndani ya ukoo ametia sahihi usiku. Mtu wa bonde la Mui, ambako tangu makaa ya mawe yagunduliwe watu wamekuwa wakiulizana nani atahamishwa na atalipwa nini, anaijua aina hiyo ya filamu kuliko mhakiki yeyote wa Nairobi. Kwake inaweza kabisa kukaa kwenye folda ya Kutisha. Ikishawekwa hapo, au kwenye folda ya ujambazi wa makampuni, ndipo maswali ya maana yanapokuja. Je, kampuni inatenda kama kampuni zinavyotenda? Hofu inapanda kipindi baada ya kipindi? Mimi naona inapojikwaa ni kwenye mapenzi ya Akisa na Max, mume wa bosi wa Eco Rock. Yanakula muda ambao ningependa wapewe wazee na mashamba yao. Nini Wacera, aliyeigiza huyo bosi, anabeba sehemu kubwa ya mzigo. Naipa sita, na hakuna huruma hata chembe ndani ya sita hiyo.

Thank You for the Rain imepata hasara kubwa zaidi. Ni makala ya mwaka 2017. Kisilu Musya, mkulima wa huku kwetu Mutomo, alishirikiana na Julia Dahr wa Norway, na kwa miaka kadhaa akaipiga picha familia yake, shamba lake, ukame, kisha dhoruba iliyoibomoa nyumba yake. Mwishowe tunamwona Paris, mwaka 2015, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi. Ng'ambo inaitwa filamu ya tabianchi. Mwalimu mmoja mstaafu alikwenda kuiulizia dukani, Kitui mjini.

"Ni ya aina gani, Mwalimu?" kijana akamuuliza.

"Ya mkulima wa Mutomo, mwanangu."

"Wanaongea Kikamba?"

"Kikamba kipo, ndiyo."

Kijana akafungua folda ya benga na vichekesho, akaanza kuitafuta huko. Hakuipata, bila shaka. Hakuwa na dharau wala uvivu. Hiyo ndiyo folda pekee aliyokuwa nayo ya kitu chenye Kikamba, na makala hayana folda popote.

Mimi naiita filamu ya ndoa. Kila Kisilu anapotoka kwenda kuwahimiza wakulima wenzake wapande miti, kila anapopanda ndege, kuna mtu anayebaki na jembe, maji na watoto, naye ni Christina, mkewe. Ukiitazama kwa jina la tabianchi, Christina anakuwa mandhari. Ukiitazama kwa jina la ndoa, nusu ya filamu inageuka, na zile dakika za Paris zinauma kwa namna nyingine. Naipa tisa. Mwenzangu wa dawati la uhariri anasema ni filamu ya siasa na ameipa saba. Tumebishana hadi chai ikapoa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba Kisilu amejaribu.

Linganisha na barua zilizokuja kuhusu Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kule Toronto mwaka 2016. Jina la mwongozaji ni la Kikamba, lakini wahusika wanasema Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo njia ya mkato ilifungwa na watu wakalazimika kufikiri. Kaleche anaamka nyikani bila kumbukumbu yoyote na kuambiwa kwamba amekufa. Ni filamu gani hiyo? Ya mizimu, amesema mmoja. Ya maombolezo. Ya mapenzi ya waliochelewa. Msomaji wa Makindu ameiita mahubiri yasiyo na mhubiri, akaipa tano, na sababu zake zimejaa ukurasa mzima. Ni barua bora kuliko zote tulizozipokea, ingawa tano hiyo ni ya uonevu.

Wakubwa wa dunia nao wanajikanyaga. Watoaji wa tuzo za Golden Globe waliipa The Martian, kisa cha mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi akapanda viazi, tuzo ya filamu bora ya vichekesho au muziki. Get Out ya Jordan Peele iliwekwa kwenye kundi hilo hilo la vichekesho. Filamu hiyo ina wimbo wa Kiswahili mwanzoni, uliotungwa na Michael Abels, ambamo sauti za wahenga zinamwonya kijana ambaye hata safari hajaianza. Ukumbi wa Marekani ulisikia muziki wa ajabu tu. Mtu wa Sultan Hamud alisikia onyo, akajua mapema kwamba hapa hakuna cha kuchekesha.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Lionheart ya Genevieve Nnaji. Novemba 2019 iliondolewa kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za kimataifa kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza, lugha rasmi ya Nigeria. Filamu ya binti anayepigania kampuni ya babake ikahukumiwa kwa lugha. Sote Afrika tulikasirika, na kwa haki. Lakini tunafanya nini sisi tunapochukua kisa cha mgodi, kisa cha ndoa na vichekesho vya CD za River Road, Nairobi, tukavitia vyote kwenye folda moja kwa sababu vimesemwa kwa lugha moja?

Ya serikali nitayapita haraka. Alama za KFCB, bodi ya kuainisha filamu nchini, yaani GE, PG, 16 na 18, zinasema umri wa kutazama na hazidai zaidi. Zuio ndilo linalogeuka kuwa aina: Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Aprili 2018, mahakama ikairuhusu siku saba mwezi Septemba, na kumbi zikajaa watu ambao wengi wao, nadhani, walikwenda kuona "iliyokatazwa" kabla ya kuona filamu.

Wapo watakaosema kwamba bila jina la lugha filamu zetu zitapotea kati ya za wenye pesa. Hoja hiyo naiheshimu. Mama anayetaka kumwonyesha bintiye kitu cha kwao ana haki ya kukipata, na lugha iandikwe pale inapoandikwa, chini ya jina la mwongozaji na mwaka. Isikalie kiti cha aina. Huruma nayo ina gharama yake: mtengenezaji anayepewa saba kila mara kwa kuwa wa kwetu hataambiwa kamwe ni kipindi gani kilichochosha.

Kwa hiyo kurasa za alama tumezipanga kwa aina ambazo wasomaji wenyewe wamezitaja, na Country Queen imetokea mara mbili, kwa sababu waliosema ni ya kutisha na waliosema ni ya mapenzi hawakupatana. Barua ambazo sababu yake pekee ilikuwa "wamejaribu" tulizirudisha kwa wenyewe tukiomba waandike upya. Wengi wa waliojibu wameteremsha alama. Mmoja, wa Ikutha, amepandisha kutoka sita hadi nane, na hoja zake ziko ukurasa wa mwisho, pamoja na jibu refu la mwenzangu asiyekubaliana naye.