Babu Kubwa Haijakiharibu Kiswahili

Babu kubwa, bomba, kiboko, moto wa kuotea mbali: misimu hii ya kusifia kitu bora ilivuma enzi Bongo Fleva ikichipuka, na leo anayeitumia stendi ya Lushoto huanika umri wake. Hata hivyo wapo walimu na wazee wanaoshikilia kwamba maneno ya namna hii, yanayopanda milima ya Usambara na mabasi ya Dar es Salaam kupitia Mombo na Soni, yanakiharibu Kiswahili. Dai hilo halina mashiko.

Ushahidi unaopendwa ni babu kubwa yenyewe. Kisarufi, inadaiwa, ilipasa kuwa babu mkubwa. Sawa, lakini Kiswahili sanifu hichohicho husema babu yangu, si babu wangu, na hakuna anayekikemea. Isitoshe, kosa lenyewe halikuambukiza. Muuza karoti anayeapa kwamba mzigo wake ni babu kubwa hatamwita mnunuzi wa jumla mteja kubwa.

Misimu mingine haina hata doa hilo. Kali, hatari na balaa ni maneno ya siku zote yaliyogeuziwa kazi, kitisho kikawa sifa. Poa ni kitenzi cha kawaida: chai hupoa, homa hupoa, na kwa watu wa joto la Tanga sifa hiyo inaeleweka. Kichekesho ni kijana wa Magamba, mwezi Julai, kola ya koti imefika masikioni na mikono iko kwapani, akiulizwa mambo anajibu poa.

Misimu ya sifa huchuja upesi kwa sababu kazi yake ni kushtua, na kilichozoeleka hakishtui. Waingereza walioiteka Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, mwaka 1916, walikuwa wa kizazi kilichosifia kwa ripping na top-hole. Sasa maneno hayo ni ya kuchekeshea tu, na Kiingereza hakijapungukiwa kitu.

Kama ipo lugha inayosukumwa pembeni Usambara, ni Kisambaa, na kinachokisukuma ni Kiswahili sanifu cha darasani na ofisini, kilekile wanachokililia wanaolaumu misimu. Mtoto wa Mlalo hasahau neno la bibi yake kwa kuwa amejifunza kusema noma. Hulisahau kwa kuwa tangu darasa la kwanza masomo hayampi mahali pa kulitumia.